Kitalu cha Majina 120: Bahati Nasibu ya Genoa na Hesabu ya Kutoa Bila Kurudisha

Katika Kiswahili neno "kura", ambalo asili yake ni Kiarabu, lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana: ni karatasi anayotumbukiza raia katika sanduku la uchaguzi, na pia ni kijiti, kokoto au jina linalochomolewa pasipo kuangaliwa, ili bahati iamue jambo ambalo watu hawataki au hawawezi kuliamua wenyewe. Jamhuri ya Genoa, iliyokuwa dola ya mabaharia na wakopeshaji fedha katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Italia, iliziunganisha maana hizo mbili katika chombo kimoja, kwa kuwa sehemu kubwa ya watawala wake walipatikana kwa kura ya aina ya pili. Na kutokana na kura hiyo ulizaliwa mchezo wa bahati nasibu uliowapa wanahisabati wa Ulaya, kwa muda wa karne mbili na zaidi, mfano ulio wazi kuliko yote wa namna ya kukokotoa uwezekano pale vitu vinapotolewa kimoja baada ya kingine bila kurudishwa.

Mfumo huo ulikomaa kwa sheria za mwaka 1576, zilizotungwa ili kumaliza uhasama wa koo kubwa za mji baada ya koo hizo kufikia hatua ya kushikiana silaha. Chini ya sheria hizo majina ya mabwana 120 waliokubaliwa na mabaraza ya jamhuri yaliwekwa pamoja, na mkusanyo wao ukaitwa Seminario, neno ambalo katika asili yake humaanisha kitalu, yaani mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuhamishiwa shambani. Kila baada ya miezi 6 majina 5 yalichomolewa kutoka katika kitalu hicho: 3 yalikwenda katika Seneti na 2 katika baraza lililosimamia hazina na mali ya dola, na kwa kuwa kila aliyeteuliwa alitumikia kwa miaka 2, droo 4 mfululizo zilitosha kuzijaza nafasi zote 20. Nia ya utaratibu huu ilikuwa njema na ya busara, maana ukoo usioweza kujua ni jina gani litatoka hauna wa kumhonga, na ukoo ulioshindwa hauna wa kumlaumu.

Jambo moja katika utaratibu huo lilionekana dogo kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kulieleza: jina likishachomolewa halikurudishwa katika chombo kabla ya kuchomolewa jingine, kwa sababu ya wazi kwamba mtu mmoja hawezi kukalia viti viwili. Hivyo jina la kwanza lilitoka kati ya majina 120, la pili kati ya 119, la tatu kati ya 118, la nne kati ya 117 na la tano kati ya 116. Hesabu yote iliyofuata, pamoja na fedha nyingi zilizopotea na kupatikana kwa ajili yake, ilitokana na kupungua huko kwa moja moja.

Wakazi wa Genoa, ambao walikuwa wamezoea kuwekeana dau juu ya meli kurudi salama na juu ya uchaguzi wa Papa, hawakukawia kuweka dau juu ya majina hayo 5. Mchezaji alitaja jina moja, mawili au zaidi, akakabidhi fedha zake kwa mpokea dau, na siku ya droo ilipofika alilipwa mara kadhaa ya dau lake iwapo majina yote aliyoyataja yalitoka. Dola ilijaribu kuupiga marufuku mchezo huo, ikashindwa, na katika karne ya 17 ikaona ni afadhali kuuza haki ya kuuendesha na kuingiza mapato katika hazina. Baadaye majina ya mabwana yakaondolewa na namba zikachukua nafasi yake, kwa kuwa mchezo ulikuwa umekwisha kujitenga na siasa iliyouzaa, na hatimaye idadi ya namba ikakaa kwenye 90. Namba 5 kati ya 90: hiyo ndiyo sura ambayo mchezo wa Genoa ulisafiri nayo ulimwenguni.

Uwezekano, kwa maana ya kihisabati, ni uwiano kati ya idadi ya matokeo yanayotakiwa na idadi ya matokeo yote yanayoweza kutokea, iwapo hakuna tokeo lenye nafasi kubwa kuliko jingine. Mtu aliyetaja jina moja katika kitalu cha majina 120 alikuwa na uwezekano wa 5 kati ya 120, yaani 1 kati ya 24, na wala haijalishi jina lake lingetoka la kwanza au la tano. Wapo wanaodhani kwamba anayesubiri kuchomolewa kwa mara ya pili amepata nafasi bora, kwa kuwa majina yaliyobaki ni machache, lakini kabla ya kuifikia nafasi hiyo ni lazima jina lake liwe limeikosa ya kwanza. Na 119/120 ikizidishwa kwa 1/119 hurudi kuwa 1/120 ile ile. Kutorudisha, kwa hiyo, hakumdhuru wala hakumfaidi mwenye jina moja katika uchomoaji wowote ule.

Mambo hubadilika pale mtu anapotaja majina mawili. Jina la kwanza likiwa limetoka, nafasi zilizobaki si 5 tena bali 4, na majina yaliyobaki si 120 bali 119, kwa hiyo uwezekano wa yote mawili kutoka ni 5/120 mara 4/119, ambao ni 1 kati ya 714. Asiyejua hesabu hii, akizidisha 1/24 kwa 1/24 kana kwamba majina hayo mawili hayahusiani, atapata 1 kati ya 576 na kujiona yu karibu na ushindi kuliko alivyo. Matukio ya namna hii, ambamo kutokea kwa moja hubadilisha uwezekano wa jingine, huitwa matukio tegemezi. Kila jina linalobahatika kutoka hula moja ya nafasi ambazo jina lenzake lilikuwa likizitegemea, na ndiyo maana bahati ya kwanza huifanya ya pili kuwa ngumu zaidi.

Hesabu hiyo haikuwa nyepesi kwa wataalamu wenyewe. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kwa Kilatini kijitabu kifupi juu ya hesabu za michezo ya bahati, kilichokuwa cha kwanza kuchapishwa juu ya somo hilo peke yake, na mwishoni akawaachia wasomaji maswali 5. Swali la pili lilihusu kete 12, 4 nyeupe na 8 nyeusi: wachezaji watatu, wakiwa wamefumbwa macho, wanachomoa kete kwa zamu, na wa kwanza kupata nyeupe ndiye mshindi, je, nafasi zao zinalinganaje? Swali halikusema iwapo kete nyeusi iliyochomolewa inarudishwa au inawekwa kando. Mwaka 1665 Huygens aliandikiana barua kuhusu swali hilo na Johannes Hudde, mwanahisabati ambaye baadaye alikuwa meya wa Amsterdam, na majibu yao yakatofautiana, mpaka ilipobainika kwamba kila mmoja alikuwa amelisoma swali kwa namna yake.

Aliyelifungua fundo hilo ni Jakob Bernoulli wa Basel, katika kitabu chake kikubwa kilichotoka mwaka 1713, miaka 8 baada ya kifo chake. Bernoulli hakuchagua tafsiri moja na kuzitupa nyingine, bali alizitatua tatu kila moja kwa utaratibu wake: kete zikirudishwa, kete zisiporudishwa, na kila mchezaji akiwa na kete zake 12. Zikirudishwa, nafasi za wachezaji watatu ni kama 9 kwa 6 kwa 4. Zisiporudishwa, ni kama 77 kwa 53 kwa 35. Ukizigeuza kuwa asilimia, mchezaji wa kwanza anashuka kutoka 47.4 hadi 46.7, wa pili anapanda kutoka 31.6 hadi 32.1, na wa tatu anapanda kidogo sana, kutoka 21.1 hadi 21.2. Sababu yake inaonekana kwa macho: kila kete nyeusi inayowekwa kando huziacha nyeupe zikiwa nyingi zaidi kwa kulinganisha na zilizobaki, kwa hiyo anayekosa humwandalia njia anayemfuata. Tofauti ni ndogo, lakini thamani ya kazi ya Bernoulli haipimwi kwa ukubwa wa tofauti hiyo. Inapimwa kwa kuwa alionyesha kwamba swali la uwezekano halina jibu mpaka ijulikane kinachofanyika kwa kitu kilichokwisha kutolewa.

Swali la nne la Huygens lilitumia kete zile zile 12, na kutaka kujua uwezekano wa mtu aliyefumbwa macho kuchukua kete 7 na kukuta nyeupe 3 kati yake. Hapa njia ya kuhesabu hatua moja moja inachosha, na inafaa zaidi kuhesabu makundi, yaani michanganyiko ambayo mpangilio wake wa kutoka haujalishi. Makundi ya kete 7 kutoka katika 12 ni 792. Yale yenye nyeupe 3 na nyeusi 4 ni 280. Na jibu ni 280/792, au 35/99. Kanuni hiyo ndiyo ile ile inayotumika leo mkaguzi anapotoa mifuko kadhaa ya bidhaa kutoka katika shehena na kukadiria iliyoharibika, ingawa Huygens hakuwa na habari ya shehena bali ya kete tu.

Wakati wanahisabati wakiandikiana, mchezo wenyewe ulikuwa safarini. Napoli iliupokea mwaka 1682. Roma iliukataza kwa tishio la kutengwa na Kanisa, kisha mwaka 1731 Papa Clement XII akauruhusu, na sehemu ya mapato yake ikasaidia kujenga chemchemi ya Trevi. Katika miji kadhaa ya Italia kila namba kati ya 90 iliambatanishwa na jina la msichana maskini, na wale watano ambao namba zao zilitoka walipewa fedha za kuwawezesha kuolewa, desturi iliyoupa mchezo sura ya sadaka na kuwatuliza waliousema vibaya. Paris ilifuata kwa amri ya mwaka 1757, droo ya kwanza ikafanyika tarehe 18 Aprili 1758, kwa faida ya shule ya kijeshi ambayo mfalme Louis XV alikuwa ameianzisha na kushindwa kuigharimia; miongoni mwa walioisukuma shughuli hiyo walikuwamo ndugu wawili Waitalia wa ukoo wa Calzabigi pamoja na Giacomo Casanova wa Venezia, ambaye siku hizi anakumbukwa kwa mambo mengine.

Siku ya droo ilikuwa ya hadhara. Namba 90 zilionyeshwa kwa watu moja baada ya nyingine, kila moja ikafungwa katika kijaluba cha umbo na ukubwa mmoja na vyenzake, kisha vyote vikatiwa katika gurudumu lililokuwa wazi kutazamwa na vikazungushwa mpaka vikachanganyika. Mtoto wa kiume aliyefungwa kitambaa machoni aliingiza mkono, akatoa kijaluba kimoja, kikafunguliwa, namba ikatangazwa; gurudumu likazungushwa tena, naye akaingiza mkono mara ya pili, na hivyo hadi mara ya tano. Kijaluba kilichotolewa kilibaki nje. Uaminifu wa tendo hilo haukuwa na shaka, na inafaa kusisitiza jambo hili, kwa kuwa hazina haikuhitaji udanganyifu wowote ili kupata faida.

Viwango vya malipo vilivyozoeleka nchini Ufaransa vinaeleza kwa nini. Aliyetaja namba moja alilipwa mara 15 ya dau lake, ilhali uwezekano wake ulikuwa 1 kati ya 18. Kwa wastani, katika kila livre 100 (livre ilikuwa fedha ya Ufaransa wakati ule) zilizowekwa, 83 zilirudi kwa wachezaji. Aliyetaja jozi, yaani namba mbili, alilipwa mara 270. Namba hiyo ni 15 mara 18 kamili, kwa hiyo mchezaji aliyeamini kwamba uwezekano wa jozi ni 1/18 mara 1/18, yaani 1 kati ya 324, angeona anatendewa sawasawa kabisa na mwenye namba moja. Ukweli ni 5/90 mara 4/89, ambao ni 1 kati ya 400 na nusu, na livre zilizorudi katika kila 100 zilikuwa 67. Kwa utatu, yaani namba tatu, malipo yalikuwa mara 5,500, na kwa hesabu ya makosa ya 18 mara 18 mara 18, ambayo ni 5,832, dau hilo lilionekana kuwa la haki kuliko yote. Kumbe uwezekano wa kweli ulikuwa 1 kati ya 11,748, mara mbili ya ugumu uliodhaniwa, na kilichorudi hakikufika hata 47 katika 100.

Kadiri namba zilivyozidi ndivyo pengo lilivyotanuka. Namba nne zililipwa mara 75,000, na uwezekano wake ni 1 kati ya 511,038. Namba tano zililipwa mara 1,000,000, ahadi iliyosikika kuwa kubwa kuliko zote, nayo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu makundi ya namba 5 yanayoweza kupatikana katika 90 ni 43,949,268. Idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha 90 kwa 89 kwa 88 kwa 87 kwa 86, kisha kugawanya kwa 120, kwa kuwa namba 5 zile zile zinaweza kutoka kwa mipangilio 120 tofauti. Katika dau la namba tano, kati ya livre 100 zilirudi 2 na sehemu kidogo. Aliyezidisha 1/18 mara tano, kana kwamba namba hizo hazihusiani, angekokotoa 1 kati ya 1,889,568, na angekosea kwa zaidi ya mara 23. Kosa ambalo katika kete za Huygens lilibadilisha nafasi kwa chini ya 1 katika 100, hapa lilikuwa limekua na kuwa uchumi wa dola.

Huko Berlin mfalme Friedrich II wa Prussia alitaka kujua hatari ya mchezo huo kabla ya kuuingia, na mwaka 1749 alimwomba ushauri Leonhard Euler, mwanahisabati mkuu wa karne ile, aliyekuwa akifanya kazi katika akademia ya mfalme. Bahati nasibu ilianzishwa Berlin mwaka 1763, na miaka miwili baadaye Euler aliwasilisha andiko juu ya swali ambalo halikuwa na faida yoyote kwa hazina: je, kuna uwezekano gani kwamba kati ya namba 5 zitakazotoka kutakuwa na angalau mbili zinazofuatana, kama 41 na 42? Watu wengi huona kwamba mfuatano wa namna hiyo ni ajabu, na wengine huutilia shaka kama ishara ya hila. Euler alihesabu makundi yasiyo na namba zinazofuatana, ambayo ni 34,826,302, akaonyesha kwamba karibu droo 1 katika kila 5 itakuwa na mfuatano. Uzuri wa kazi hiyo uko katika swali lenyewe, lililotoka katika gurudumu la wacheza kamari na kuishia kuwa somo safi la kuhesabu makundi, somo ambalo wanafunzi hulifanyia mazoezi hadi leo.

Mpaka hapa limezungumzwa jambo linalotokea ndani ya droo moja. Kati ya droo na droo, hata hivyo, mambo huwa kinyume kabisa, maana vijaluba vyote 90 hurudishwa katika gurudumu na hesabu huanza upya kana kwamba hapakuwa na jana. Gurudumu la Genoa kwa hiyo lilikuwa na tabia mbili: lilikumbuka kwa muda wa kutoa namba 5, kisha likasahau kila kitu. Wachezaji walizigeuza tabia hizo. Walisahau kumbukumbu ya ndani ya droo walipokadiria nafasi za jozi na utatu, na wakabuni kumbukumbu isiyokuwapo kati ya droo walipoamini kwamba namba iliyokawia imekaribia kutoka. Mapato ya hazina yalijengwa juu ya kosa la kwanza, na maangamizi ya kaya nyingi yakajengwa juu ya la pili. Pierre-Simon Laplace, katika kitabu chake cha mwaka 1814 juu ya falsafa ya uwezekano, alieleza jinsi umati wa Paris ulivyokimbilia kuweka dau juu ya namba ambayo haikuwa imetoka kwa muda mrefu, na akafundisha kwamba yaliyopita hayana nguvu yoyote juu ya droo ijayo. Ufaransa iliufuta mchezo huo kabisa ilipoanza mwaka 1836.

Italia haikuufuta. Namba 5 bado hutolewa kati ya 90 katika magurudumu yenye majina ya miji, Genoa yenyewe ikiwamo, na wachezaji bado huweka kumbukumbu za namba zinazokawia. Kuanzia Mei 2003 namba 53 ilikosa kutoka katika gurudumu la Venezia kwa droo 182 mfululizo, na kadiri ilivyokawia ndivyo watu walivyoongeza dau juu yake, hata magazeti yakaripoti familia zilizokuwa zimemaliza akiba zao. Ilitoka tarehe 9 Februari 2005, na uwezekano wake siku hiyo ulikuwa 5 kati ya 90, kama ulivyokuwa katika kila moja ya droo zile 182 zilizotangulia.